Jinsi Washindi wa Sinema Wachaguliwavyo, na Jinsi Nilivyokosea Kuwabashiri

Yamkini umekwisha kusikia habari za Oscar, ile sanamu ndogo iliyopakwa dhahabu ambayo watu wa sinema hupewa kila mwaka kule Los Angeles, Marekani. Wengi wetu hudhani kwamba wataalamu wachache hukutana, wakaangalia picha zote, kisha wakakata shauri kwamba hii ndiyo bora. Mimi nami nilidhani hivyo mpaka mwaka jana, tulipofanya uchaguzi wa picha bora hapa shuleni, nami nikajitia kuwa mtabiri. Utabiri wangu ulianguka vibaya. Katika kutafuta sababu nimejifunza mambo kadha wa kadha, nayo ndiyo nitakayoyaeleza.

Uchaguzi wetu ulikuwa hivi. Mwalimu wa hesabu, ambaye ndiye mlezi wa chama chetu cha sinema, alituonyesha picha nne katika ukumbi wa kulia chakula, kila Jumamosi picha moja, kwa jenereta ya misheni. Ya kwanza ilikuwa picha ya mapigano kutoka nchi za Mashariki. Ya pili ilikuwa picha ya Kihindi, yenye nyimbo nyingi na machozi mengi. Ya tatu ilikuwa *Comboio de Sal e Açúcar*, picha ya Msumbiji yetu iliyotengenezwa mwaka 2016 na Licínio Azevedo, yaani "Treni ya Chumvi na Sukari": wakati wa vita vilivyokwisha mwaka 1992, wanawake wanasafiri kwa treni kutoka Nampula kuelekea Malawi, wamebeba chumvi ili wakaibadili kwa sukari, na njia nzima imejaa hatari. Ya nne ilikuwa *Watu Wote*, picha fupi ya dakika ishirini na kitu, iliyoongozwa na Bibi Katja Benrath wa Ujerumani alipokuwa mwanafunzi wa chuo cha Hamburg.

Habari ya *Watu Wote* imetoka katika jambo lililotokea kweli. Mwezi wa Desemba 2015 basi lililokuwa likienda Mandera, kaskazini ya Kenya, lilisimamishwa na watu wenye bunduki. Wakawaamuru abiria wajitenge, Waislamu huku, Wakristo huku. Waislamu wakakataa kuwatoa wenzao. Mwalimu mmoja, Salah Farah, alipigwa risasi siku ile, akafa mwezi wa Januari 2016. Sina haja ya kumweleza mtu wa pwani yetu kwa nini picha hiyo ilitugusa. Mimi mwenyewe nilitoka Palma kwa miguu pamoja na mama yangu mwezi wa Machi 2021, na watu tusiowajua walitupa maji njiani bila ya kutuuliza dini yetu.

Basi nilichukua daftari, nikaandika majina ya wapiga kura wote themanini. Kando ya kila aliyewahi kukimbia Mocímboa, Palma, Macomia au kwingineko niliandika *Watu Wote*. Hesabu yangu ikanipa kura zaidi ya arobaini. Nikatangaza bwenini, kwa sauti, kwamba mambo yamekwisha.

Nitarudi kwenye kura hizo. Kwanza natazame namna wanavyofanya wenyewe huko Los Angeles, maana Mwalimu aliiga utaratibu wao.

Tuzo za Oscar hutolewa na Akademia ya Sanaa na Sayansi za Sinema. Chama hicho kiliundwa mwaka 1927, na tuzo zake za kwanza ziligawiwa tarehe 16 Mei 1929. Wapiga kura wake leo ni watu wapatao elfu kumi, nao wote ni watu wa kazi hiyo hiyo: waigizaji, waongozaji, waandishi, wapiga picha, washonaji wa mavazi, watu wa muziki na wengineo. Wamegawanyika katika matawi, kila kazi na tawi lake.

Kura hupigwa mara mbili. Katika kura ya kwanza, ambayo ndiyo ya uteuzi, aghalabu kila tawi huteua katika kazi yake. Waigizaji huteua waigizaji, waandishi huteua waandishi. Picha bora huteuliwa na matawi yote. Lupita Nyong'o wa Kenya alipoteuliwa kwa kazi yake katika *12 Years a Slave*, walioliandika jina lake ni waigizaji wenziwe. Lakini katika kura ya pili milango hufunguliwa, na kila mwanachama aweza kupiga kura katika kila tuzo. Wakati huo mshona mavazi humpigia kura mwigizaji, na mwigizaji huamua ni muziki gani uliopita mwingine. Lupita akashinda huko pia, mwezi wa Machi 2014. Kwa maoni yangu hizi ni kura mbili za tabia mbalimbali. Ya kwanza ni ya fundi kumpima fundi mwenziwe. Ya pili ni ya umati, na umati huenda na kile kilichobaki moyoni baada ya taa kuwashwa. Mtu anayebashiri uteuzi kwa njia ile ile anayobashiria ushindi amekwisha kukosea kabla hajaanza.

Wabashiri wa Marekani wana njia yao. Kabla ya Oscar, vyama vya kazi hutoa tuzo zao wenyewe: chama cha waongozaji, chama cha watayarishaji, chama cha waigizaji. Wapiga kura wengi wa Akademia ni wanachama wa vyama hivyo pia, kwa hiyo anayetazama vyama hivyo ni kama mtu anayeonja mchuzi kwa kijiko kabla ya kupakuliwa. Tuzo za waandishi wa magazeti hazina nguvu hiyo, ingawa hufanya kelele nyingi, kwa sababu mwandishi wa magazeti hana kura katika Akademia.

Hata hivyo kijiko nacho hudanganya. Mwaka 2017 *La La Land* ilikuwa imeteuliwa mara kumi na nne, nayo ilikuwa imekwisha kupata tuzo ya waongozaji na ya watayarishaji. Jukwaani watangazaji wakapewa bahasha isiyo yao, wakalitaja jina la *La La Land*, na wenye picha wakaanza kushukuru. Kumbe mshindi alikuwa *Moonlight*! Miaka mitatu baadaye *1917* nayo ilizipata tuzo hizo mbili, lakini Oscar ikaenda kwa *Parasite* ya Korea ya Kusini, picha ya kwanza isiyo ya Kiingereza kupata tuzo ya picha bora. Safari hiyo ishara ilikuwapo kwa mwenye macho: chama cha waigizaji kilikuwa kimelizawadia kundi zima la waigizaji wa *Parasite*, na tawi la waigizaji ndilo kubwa kuliko yote katika Akademia.

Sasa nije kwenye namna ya kuhesabu, maana hapa ndipo Mwalimu alipotufundisha kwa muda mrefu, ubao ukajaa chaki. Katika tuzo nyingi, mwenye kura nyingi ameshinda, basi. Lakini kwa picha bora, tangu tuzo za mwaka 2010, mpiga kura hupanga picha kwa daraja: ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kuendelea. Ikiwa hakuna picha iliyopata zaidi ya nusu ya kura za kwanza, picha ya mwisho huondolewa, na karatasi zake hupewa zile picha zilizoandikwa za pili katika karatasi hizo. Hufanywa hivyo tena na tena mpaka moja ipite nusu.

Tazama sasa kura zetu. Katika daraja la kwanza picha ya mapigano ilipata 27, treni 20, ya Kihindi 17, na *Watu Wote* 16. Ndiyo, kumi na sita! Kama tungalihesabu kwa njia ya kawaida, picha ya mapigano ingalishinda, ijapokuwa watu 53 kati ya 80 hawakuitaka mbele. *Watu Wote* ikaondolewa. Karatasi zake kumi na mbili zikaenda kwa treni, tatu kwa ya Kihindi, moja kwa mapigano. Hapo treni ikawa na 32, mapigano 28, ya Kihindi 20. Ikaondolewa ya Kihindi. Kumi na tatu zikaenda kwa treni na saba kwa mapigano. Mwisho treni 45, mapigano 35. *Comboio* ikashinda, ingawa robo tu ya ukumbi ndiyo iliyoipenda kuliko zote. Ilishinda kwa sababu karibu kila mtu aliiweka ya pili. Wanaopenda mapigano walikuwa wengi, lakini wasiowapenda waliiweka picha yao ya mwisho kabisa, na daraja la mwisho halisaidii kitu.

Picha hiyo hiyo ilipelekwa na Msumbiji kwa Akademia mwaka 2017, ikiwa ndiyo ya kwanza kupelekwa na nchi yetu kugombea tuzo ya picha bora ya lugha ya kigeni. Kila nchi ilipeleka picha moja tu. Mwaka huo nchi 92 zilipeleka. Zikachujwa mpaka tisa, kisha tano. *Comboio* haikufika katika tisa. *Félicité*, iliyopigwa Kinshasa na kupelekwa na Senegali, ilifika katika tisa ikakwama hapo. Tanzania ilipeleka *Maangamizi* mwaka 2001, na mwaka 2022 ikapeleka *Vuta N'Kuvute* ya Amil Shivji, iliyotolewa katika riwaya ya Adam Shafi. Hizo nazo hazikuteuliwa. Sisemi kwamba zilidhulumiwa. Nasema kwamba mpiga kura hawezi kuchagua picha ambayo hakuitazama, na kuwafanya maelfu ya watu waitazame picha yako ni kazi ya fedha: maonyesho maalumu, matangazo, karamu. *Watu Wote* ilipata njia ya mkato kwa kushinda kwanza tuzo ya Akademia ya wanafunzi mwaka 2017, ikateuliwa katika picha fupi kwa tuzo za Machi 2018. Mshindi akawa *The Silent Child* ya Uingereza, habari ya mtoto kiziwi.

(Katika tamasha la sinema la Zanzibar mambo ni mbali. Huko majaji wachache huketi pamoja na kujadiliana, na mshindi hupewa Jahazi la Dhahabu. Kubashiri majaji watano ni kugumu kuliko kubashiri watu elfu kumi, kwa kuwa jaji mmoja mwenye ulimi mzuri aweza kuwageuza wanne kabla ya chai.)

Baada ya kura zetu nilikwenda kwa mwenzangu mmoja wa bweni, aliyekimbia Mocímboa da Praia mwaka 2020. Katika daftari langu alikuwa wa kwanza kabisa upande wa *Watu Wote*. Nilimwuliza ameipa daraja gani. Akasema ameipa la nne, na la kwanza amelipa picha ya Kihindi. Nilistaajabu. Akaniambia, "Ndugu yangu, umenihesabu kabla ya kuniuliza. Gari letu sisi pia lilisimamishwa. Basi lile liliposimama kwenye picha, mimi nilitoka nje."

Hapo nikaelewa kosa langu. Picha ile ilinifariji mimi, kwa sababu mimi njiani nilikutana na watu wema. Nikaichukua faraja yangu, nikawaandikia watu arobaini kana kwamba ni yao. Baadaye niliuliza wengine, wakanijibu mmoja mmoja. Watatu walitoka nje kama yeye. Mmoja alikaa, lakini aliinamisha kichwa mpaka nyimbo za mwisho. Wengi wao waliipa kura ya kwanza picha ya Kihindi, ambayo mimi niliicheka.

Kuna jambo jingine linalonitatiza mpaka leo. Mwezi wa Aprili 2025 Akademia ilitangaza kwamba mwanachama asipige kura ya mwisho katika tuzo yo yote mpaka awe ametazama picha zote zilizoteuliwa katika tuzo hiyo. Nilipoisoma habari hiyo niliona ni sheria ya haki sana. Mwalimu naye alipendekeza tuifuate mwaka huu. Lakini tukiifuata, mwenzangu huyo hana kura, na wale watatu hawana kura, ilhali kutoka nje kwao kulikuwa ni hukumu kuliko karatasi nyingi zilizojazwa na watu waliosinzia. Nimemwandikia Mwalimu nikiomba sheria hiyo isitumike katika ukumbi wetu. Bado hajanijibu.

Juma lililopita mwenzangu alinijia tulipokuwa tukifua nguo, akaniuliza picha ile iliishaje. Alikuwa hajui kwamba abiria walikataa. Nikamsimulia yote, tangu basi liliposimama mpaka mwisho, naye akaendelea kufua bila ya kuniangalia. Nilipomaliza akaniuliza kama Mwalimu bado anayo.