Baridi yabisi: Subira si kuacha kujitibu

Hapa Idete, bonde la Kilombero, mpunga hupaliliwa kwa kuinama. Mwenye magoti mabovu huambiwa ni uzee tu, avute subira. Mimi ninaishi na maradhi haya mwaka wa kumi sasa, na napenda tukumbushane machache na ndugu zangu wa mijini, kwani ngazi na daladala nazo haziwahurumii.

Kwanza, maumivu ya viungo si ya aina moja. Yapo ya gegedu kulika, ambayo huzidi ukitumia kiungo na hupungua ukipumzika. Ipo baridi yabisi, ambapo kinga ya mwili hushambulia viungo vyenyewe. Hii hukaza vidole asubuhi hata saa nzima, na ikiwahiwa zipo dawa za kuzuia ulemavu. Yapo pia yanayobaki baada ya chikungunya, homa iliyotambuliwa mwaka 1952 huko uwanda wa Makonde. Jina lake la Kimakonde lahusu kukunjamana. Basi kipimo kwanza, dawa baadaye.

Pili, vidonge. Diklofenaki tunainunua kama karanga. Ikitumiwa mfululizo huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo, hasa kwa wazee. Mwezi wa Ramadhani wapo wanaomeza dozi ya siku nzima wakati wa daku. Hilo ni hatari. Mgonjwa amepewa ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Amuone daktari kabla mwezi haujaandama.

Tatu, mwendo. Kiungo kisichotumika hukakamaa. Mimi hukaa kitini, nikanyoosha goti, nikahesabu hadi tano, mara kumi kila mguu. Asubuhi hukanda kwa maji ya moto. Bakora naishika mkono wa upande wa mguu mzima. Shambani napumzika kabla maumivu hayajaniamrisha.

Nne, swala. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza swahaba Imran bin Huswain, aliyekuwa mgonjwa, kuswali amekaa akishindwa kusimama. Kwa nini basi wazee wetu waone haya kukalia kiti msikitini, hadi wengine wanaswalia nyumbani? Kamati za misikiti ziweke viti pembeni mwa safu.

Mwisho, kiungo kikivimba ghafla, kikawa cha moto pamoja na homa, usikande wala usisubiri. Wahi hospitali siku hiyo hiyo. Subira ya kweli hutembea pamoja na matibabu.

Wabillahi tawfiq.