Wanga, Sufuria na Kikundi

Chukua tonge dogo la ugali mkavu, bila mboga wala mchuzi, ulitafune polepole kwa dakika mbili tatu bila kulimeza. Mwanzoni halina ladha ya maana. Baadaye utamu hafifu unajitokeza, ingawa hakuna aliyetia sukari. Sukari ilikuwamo tangu mwanzo, ila ilikuwa imefungamana, na mate yako yameanza kuifungua.

Wanga ni glukosi nyingi zilizounganishwa moja baada ya nyingine, kama shanga kwenye uzi, mamia kwa maelfu. Zikiwa zimeungana hivyo ulimi hauutambui utamu wake. Kwenye mate kuna kimeng'enya kiitwacho amilesi, ambacho kazi yake ni kukata uzi huo vipande vifupi vifupi. Kazi hiyo husimama tumboni kwa sababu ya asidi, kisha huendelea kwa nguvu zaidi kwenye utumbo mwembamba, ambako kongosho humwaga amilesi nyingine. Mwisho wa safari zinabaki glukosi mojamoja, na hizo ndizo zinazopenya ukuta wa utumbo na kuingia kwenye damu.

Sasa tupige hesabu, maana bila hesabu habari ya mlo wa wanga kidogo hubaki kuwa mabishano ya barazani. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu. Asubuhi kabla ya kula, kipimo cha sukari cha mtu mwenye afya husoma karibu milimoli 5 kwa lita, ambayo ni sawa na gramu 0.9 katika kila lita. Zidisha kwa 5, unapata gramu 4.5. Kiasi hicho kinatosha kijiko kimoja cha chai. Damu yote ya mwili wako, kuanzia utosini hadi kwenye nyayo, ina kijiko kimoja tu cha sukari.

Weka upande wa pili sahani ya ugali iliyopikwa kwa gramu 150 za unga wa mahindi. Wanga wake unazidi gramu 100. Ina maana kwamba mlo mmoja, tena kabla hujagusa chai ya maziwa yenye sukari wala chapati, unapitisha kwenye damu zaidi ya mara 20 ya sukari iliyokuwamo. Kwamba wengi wetu tunakula hivyo mchana na usiku bila kudhurika papo hapo ni ushahidi wa kazi kubwa inayofanyika ndani yetu kimyakimya.

Kazi hiyo inaongozwa na insulini, homoni ya kongosho ambayo Frederick Banting na Charles Best waliitenga huko Toronto mwaka 1921. Sukari inapopanda, insulini huiamuru misuli iipokee glukosi, huliamuru ini lipunguze kutengeneza nyingine, na huziamuru seli za mafuta zihifadhi badala ya kutoa. Ini linaweza kuweka akiba ya takriban gramu 100 za glukosi katika umbo liitwalo glikojeni, na misuli kama gramu 400. Akiba hiyo ikijaa na sahani zikiendelea kuja, ziada hugeuzwa mafuta, na mafuta mengine ya chakula nayo hubaki bila kuchomwa. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, seli zimekuwa nzito kuitikia amri ya insulini. Kongosho hutoa zaidi na zaidi, na siku moja linashindwa kukidhi mahitaji.

Hoja ya wanga kidogo inatoka moja kwa moja kwenye hesabu hii. Ikiwa mwili unashindwa kuondoa gramu 100 kwa wakati, upe 20. Kwa kawaida wataalamu huita mlo wa wanga kidogo ule wenye chini ya gramu 130 za wanga kwa siku, na ule mkali hushuka chini ya 50.

Wiki ya kwanza watu hushangilia, kwa sababu mizani inaonyesha kilo mbili au tatu zimetoweka. Naomba tuelewane hapa: sehemu kubwa ni maji. Kila gramu ya glikojeni huhifadhiwa pamoja na takriban gramu 3 za maji, kwa hiyo akiba inapotumika, maji yake nayo hutoka kwa mkojo. Insulini ikishuka, figo nazo huachia chumvi zaidi. Ndiyo maana wengi hulalamika kuumwa kichwa na kizunguzungu siku za mwanzo, na supu ya mifupa yenye chumvi huwatuliza, mradi tu mtu hana presha, tatizo la moyo au la figo. Mafuta yenyewe huanza kupungua taratibu baadaye.

Swali linaloulizwa na wengi ni kuhusu ubongo. Tulifundishwa kwamba ubongo hula glukosi tu, na kwa siku hutumia karibu gramu 120. Je, utazitoa wapi? Ini lina uwezo wa kutengeneza glukosi kutokana na protini na sehemu ya mafuta. Zaidi ya hapo, wanga ukipungua sana, ini huanza kuyageuza mafuta kuwa ketoni, vitu vidogo vinavyoyeyuka kwenye damu na kuingia hadi ubongoni. George Cahill na wenzake nchini Marekani walionyesha katika miaka ya 1960 kwamba kwa mtu aliyefunga kwa wiki kadhaa, ketoni hubeba sehemu kubwa ya mahitaji ya ubongo. Moja ya ketoni hizo ni asetoni, nayo hutoka kwa pumzi. Harufu ile ya kinywa ambayo wanaofuata mlo mkali huionea aibu inatoka huko.

Kabla ya kwenda jikoni, kuna imani moja inayowaumiza wagonjwa, nami siwezi kuipita. Watu wengi huambiwa wakipata kisukari waache sembe wale dona, au ugali wa ulezi, au wa mtama, kana kwamba hizo hazina sukari. Dona lina nyuzinyuzi na virutubisho vilivyokobolewa kwenye sembe, na nyuzinyuzi hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Hilo ni jema. Lakini gramu 100 za unga wa dona, wa ulezi au wa mtama bado zina wanga wa gramu 70 au zaidi. Ukibadilisha unga ukaacha ukubwa wa tonge vilevile, hesabu haijabadilika sana. Unga wa muhogo una wanga mwingi zaidi hata kuliko sembe.

Na huo muhogo wenyewe una somo. Mmea hutengeneza sukari kwenye majani kwa mwanga wa jua, kisha huishusha mizizini na kuiweka akiba kama wanga. Anayekula mzizi anakula akiba ile. Anayekula kisamvu, ambacho ni jani la mmea uleule, anapata protini na nyuzinyuzi, na wanga kidogo tu. Viazi vitamu na matembele vina habari hiyohiyo, vivyo hivyo kunde na majani yake. Mapishi ya pwani na ya bara yamejaa mboga ambazo kwa hesabu ya wanga ziko salama kabisa: mchicha, mlenda, bamia, bilinganya, kabichi, kisamvu cha karanga, samaki wa kupaka kwa tui, dagaa, mayai, parachichi. Kwenye sahani zetu wanga haujifichi. Unakaa katikati, ni ule mlima mweupe, na vilivyobaki huitwa mboga.

Hapo ndipo ugumu unapoanza, na hauhusu kemia. Mlima ule hupikwa kwenye sufuria moja kwa ajili ya nyumba nzima. Mama mwenye kisukari ndiye anayesonga ugali wa watu saba. Baba akisema leo hali, mkwe anauliza kama amekasirika. Mgeni asipokula wali wa sinia, mwenye nyumba anahisi amedharauliwa. Mtu anayejaribu peke yake anashindana na sufuria, na kwa kawaida sufuria hushinda. Kwa maoni yangu, kikundi cha watu wanaopunguza wanga pamoja hakipaswi kuhesabiwa kama pambo la mlo huu. Kina kazi yake halisi katika jinsi mlo unavyofanya kazi.

Kikundi kinatoa mambo mawili ambayo mtu mmoja hana: mapishi yaliyokwisha kujaribiwa na vipimo vya miili tofauti. Angalia mfano wa chicha, yale machicha yanayobaki baada ya kukamua tui, ambayo nyumba nyingi huwapa kuku. Akina mama wa kikundi kimoja cha Temeke huyaanika kwenye sinia juani mpaka yakauke kabisa, kisha huyasaga na kuyachekecha. Unga unaopatikana ni nyuzinyuzi na mafuta, wanga karibu haumo kabisa. Mmoja wao alijaribu kuusonga kama ugali. Maji yalichemka, mwiko ukazunguka, na sufuria ikabaki na maji yenye chembechembe. "Dada, hayo mbona bado ni machicha?" mwenzake akamuuliza.

Kosa si la mpishi. Punje za wanga wa mahindi zinapofikia takriban nyuzi joto 65 za Selsiasi ndani ya maji, hufyonza maji, huvimba na kupasuka, na nyuzi zake hushikana kila upande. Kushikana huko ndiko kunakoufanya ugali uwe mgumu mwikoni. Unga wa chicha hauna punje hizo, kwa hiyo ungechemshwa hadi usiku usingeshika. Unahitaji kitu kingine cha kuushikisha. Protini ya yai hufanya kazi hiyo, kwa sababu joto huikunjua na kuifungamanisha. Ute wa bamia nao husaidia. Wale akina mama waliacha kusonga, wakachanganya mayai 3, vijiko 3 vya kulia vya unga wa chicha, tui kidogo na chumvi, wakauacha mchanganyiko dakika 10 ili unga unywe maji, kisha wakachoma kwenye kikaango kwa moto mdogo kama chapati ndogondogo. Zilishika. Hazikuwa chapati za kukunja, lakini zilibeba mchuzi wa samaki bila kuvunjika.

Zingatia kwamba maelezo yale yana idadi, vijiko, dakika na moto. Pishi linalosema "unga kiasi" haliwezi kurudiwa na mtu mwingine, na kisichoweza kurudiwa hakiwezi kupimwa. Kikundi makini hununua mizani ya jikoni kabla ya kitu kingine chochote. Kisha wenye mashine ya kupimia sukari hupima kabla ya kula na saa mbili baada ya kula, na huandika namba mbili hizo pembeni mwa pishi. Baada ya watu wanane kula chakula kilekile, utaona kwamba wengine sukari imepanda kidogo tu na wengine imepanda kupita matarajio. Miili haifanani, na daftari la kikundi huonyesha hilo vizuri kuliko mahubiri yoyote. Pia hukata ubishi. Kuna wanaodai kwamba wali wa kiporo hauna madhara. Ni kweli kwamba wanga uliopikwa ukapoa hujipanga upya, na sehemu yake inakuwa ngumu kwa amilesi kuikata, lakini ni sehemu ndogo. Weka kiporo kwenye daftari, upime.

Mlo huu umeenea kwa kugawana tangu zamani. Mwaka 1863, William Banting, mzishi wa London, alichapisha kijitabu kuhusu alivyopunguza zaidi ya kilo 20 baada ya kuacha mkate, sukari, bia na viazi kwa ushauri wa daktari wake. Nakala za mwanzo alizigawa bure. Karne moja na nusu baadaye, daktari David Unwin wa Southport, Uingereza, alianza kuwashauri wagonjwa wake wa kisukari wapunguze wanga, wengi wakikutana kwa vikundi, na familia zikikaribishwa. Ripoti ya kliniki yake ya mwaka 2023 inaonyesha kwamba kati ya wagonjwa 186 waliochagua njia hiyo, 51 kwa mia sukari yao ilikuwa chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Ni matokeo ya kutia moyo sana, ila wagonjwa hao walijichagua wenyewe na hakukuwa na kundi la kulinganisha nalo.

Kundi la kulinganisha lilikuwapo kwenye utafiti wa Christopher Gardner wa Chuo Kikuu cha Stanford, uliotolewa mwaka 2018. Watu wazima 609 wasio na kisukari waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine mafuta kidogo, wengine wanga kidogo, na wote walihudhuria mafunzo ya vikundi. Baada ya miezi 12 wa mafuta kidogo walikuwa wamepungua wastani wa kilo 5.3, wa wanga kidogo kilo 6.0, tofauti ambayo kitakwimu si kitu. Ndani ya kila upande, wapo waliopungua sana na wapo walioongezeka. Kwa hiyo kwa anayetaka kupunguza uzito tu, wanga kidogo ni njia moja kati ya njia kadhaa. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili hoja ina uzito zaidi, kwa kuwa kinachopunguzwa ndicho hasa mwili wake umeshindwa kukimudu.

Na ni huyo huyo aliye kwenye hatari kubwa zaidi. Anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi amepangiwa dozi inayolingana na ugali wake wa kila siku. Akiuondoa ugali na dozi ikabaki palepale, sukari itashuka mno: jasho jembamba, mikono kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kupoteza fahamu. Dozi irekebishwe na daktari kabla ya sahani kubadilika. Mjamzito, mwenye kisukari cha aina ya kwanza na mwenye ugonjwa wa figo wasianze kwa ushauri wa wenzao. Katika kikundi, kila mmoja ajue ni nani anatumia dawa gani, na mahali pa kukutania pawepo na glukosi ya unga au sukari ya kawaida ya kukoroga kwenye maji, pamoja na mtu anayejua kumpa mwenzake angali anaweza kumeza.