SOMO: GARI LA WAKUBWA LASHINDA MATOPE

Tukisikia neno Benzi tunafikiria gari la wakubwa: viti laini na barabara ya lami. Leo tusome jinsi injini ya gari hilo ilivyoshinda katika matope.

Vita Kuu ya Pili ilikwisha mwaka 1945. Viwanda vya Mercedes-Benz huko Ujerumani vilikuwa vimeharibiwa sana na mabomu. Vikajengwa upya. Mwaka 1951 likatoka gari la fahari aina ya 220. Injini yake ilikuwa na silinda 6, ukubwa wa lita 2.2, na nguvu za farasi 80. Lilikuwa gari la kusafiria kwa raha, si la mashindano.

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953. Yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakawa yanafanyika siku za Pasaka, wakati wa masika. Sisi wa Tarime na Serengeti tunaijua barabara ya udongo wakati wa masika! Magari hunasa, springi hukatika. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7 tu.

Mwaka 1959 Bill Fritschy wa Kenya na mwenzake Jack Ellis waliendesha Benzi aina ya 219. Injini yake ilikuwa ya ukoo ule ule wa mwaka 1951. Wakashinda. Mwaka 1960 wakashinda tena. Mwaka 1961 John Manussis akashinda kwa Benzi 220SE, injini ya ukoo huo huo, ila petroli yake ilisukumwa kwa pampu maalum. Miaka 3 mfululizo!

Tunajifunza nini? Katika Safari mbio peke yake hazitoshi. Mshindi lazima kwanza afike. Injini isiyolazimishwa kupita uwezo wake ndiyo hufika.

Nasi tunazo injini vijijini: mashine ya kusaga, pampu ya maji, pikipiki. Tukisahau oili, mashine itakufa. Hapo kina mama watabeba tena debe la mtama kichwani kwenda kusaga mbali. Basi tupime oili kabla ya kuwasha. Tusafishe chujio la hewa. Tukisikia mlio mgeni, tuzime, tumwite fundi. Haraka haraka haina baraka.

Maswali ya mazungumzo:
1. Kwa nini gari lenye mbio sana laweza kushindwa katika Safari?
2. Nani anapima oili ya mashine ya kijiji chetu? Je, anaandika katika daftari?