SOMO: Mtoto Asiyetulia Darasani



Katika mikutano ya wazazi husikika mara kwa mara kwamba mtoto fulani hasikilizi. Mwalimu hulalamika, mzazi huitikia, na shauri huishia kwenye fimbo. Somo letu la leo linahusu watoto wa shule ya awali na wa madarasa ya kwanza, na fundisho lake ni hili: kabla ya kumwadhibu mtoto asiyesikiliza, tutafute kwanza kinachomzuia kusikiliza. Tutaangalia mambo manne.

1. Chakula na usingizi

Hapa kwetu Itiryo watoto wengi huamka kabla ya jua. Kuna maji ya kuchota, pengine na ng'ombe wa kufungulia, kisha mwendo wa kwenda shule. Mtoto akiingia darasani bila kutia kitu kinywani, ikifika saa nne macho yake yako ubaoni lakini mawazo yako jikoni. Ukilinganisha na ukubwa wa mwili, ubongo wa mtoto hutumia chakula kingi kuliko wa mtu mzima. Kikombe cha uji wa ulezi au viazi vya jana si anasa. Na pale wazazi wanapokubaliana kuchanga mahindi ili shule ipike uji, tusiwe wa mwisho kupeleka.

Tena kuna usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za kulala. Basi anayeamshwa saa 11 alfajiri imempasa awe amelala saa 2 usiku. Tukimchelewesha kwa kazi au maongezi ya wakubwa, kesho atasinzia, nasi tutamwita mvivu.

2. Lugha

Watoto wetu wengi hufika shuleni wakiwa na Kikuria, na masomo ni ya Kiswahili. Mtoto asiyeelewa maneno ya mwalimu hutazama dirishani, kwa sababu yaliyoko nje anayaelewa. Huo si utundu wala ujinga. Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama, katika mkoa huu wetu wa Mara, mwaka 1922, na lugha ya kwao ilikuwa Kizanaki. Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuutafsiri mchezo wa Shakespeare, Julius Caesar, kwa Kiswahili mwaka 1963.

Jioni, mwambie mtoto akueleze kwa Kikuria alichofundishwa, kisha arudie kwa Kiswahili. Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kazi hiyo.

3. Wingi wa watoto

Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kila mtoto apate elimu ya msingi, na madarasa yakajaa. Elimu bila ada, iliyoanza Januari 2016, iliyajaza tena. Ni jambo la kushukuru, lakini lengo la serikali la mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 halifikiwi katika shule nyingi.

Mwalimu, pamoja na wewe unayefundisha shule ya Jumapili, jaribu hivi. Uliza swali kwanza, nyamaza kidogo, ndipo utaje jina. Ukitaja jina kwanza, wengine wote hupumzika. Usizungumze kipindi kizima: wasikilize kidogo, waandike, wasimame waimbe au wahesabu kwa mawe. Mtoto anayekunja macho au anayegeuza sikio mwite mbele, kisha umweleze mzazi ampeleke zahanati.

4. Fimbo

Wengi wetu tunadhani sheria inaruhusu mwalimu yeyote kuchapa kwa jambo lolote. Sivyo. Kanuni za mwaka 2002 zimeweka mamlaka hayo kwa mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, kwa makosa makubwa, na viboko visizidi vinne. Kusinzia kwa njaa si kosa kubwa.

Tena fimbo haimfundishi mtoto kusikiliza, humfundisha kujificha. Atakaa kimya nyuma, hatauliza, hatajulikana kama ameelewa. Baadaye huja utoro. Wa kiume tutamkuta machungani, na wa kike nyumbani, watu wameanza kuhesabu ng'ombe wa mahari yake. Tukifuatilia mwanzo wa safari hiyo, mara nyingine tutaukuta darasa la kwanza, siku mtoto alipochapwa kwa neno ambalo hakulielewa.

Ndugu zangu, kutulia darasani huanzia nyumbani. Mwalimu humpokea mtoto asubuhi kama tulivyomwacha sisi usiku.

Maswali ya kujadiliana nyumbani na katika vikundi:

1. Mtoto wako alilala saa ngapi jana, na leo alikula nini kabla ya kwenda shule?
2. Ni kazi gani ya asubuhi inayoweza kufanywa na mtu mzima au kungojea jioni?
3. Je, umewahi kumuuliza mwalimu mtoto wako anakaa wapi darasani, na kama anaelewa Kiswahili?
4. Katika shule yetu ya Jumapili, ni watoto gani hukaa nyuma kimya, na nani atawafuata?