Miaka ya Madyan: Kuanza Upya Baada ya Dhiki

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake.



Katika jumuiya zetu za wanafunzi wamo waliofika chuoni kwa njia ndefu. Yupo aliyefiwa na wazazi akalea wadogo zake kwanza. Yupo aliyekimbia vita vya Kivu, akavuka mpaka kuingia Uganda au Burundi, na vyeti vyake vikabaki ndani ya nyumba iliyochomwa. Yupo aliyesimamishwa masomo kwa kukosa ada, na leo ameketi darasa moja na vijana waliokuwa shule ya msingi yeye alipomaliza sekondari. Yupo dada aliyetoka katika ndoa iliyovunjika. Wengi wao wana maswali mawili moyoni: Je, nimeshachelewa? Na utulivu nitaupata lini?

Darasa hili linatafuta jibu katika kisa cha Nabii Musa (a.s.) huko Madyan, kama kilivyo katika Surat al-Qasas, aya ya 14 hadi 29. Tunapokisoma kisa cha Musa, mara nyingi tunakimbilia fimbo na bahari. Tunairuka miaka iliyo katikati, na humo ndimo lilimo somo letu.

Hali aliyokuwa nayo

Musa alilelewa katika kasri la Firauni. Siku moja aliingilia ugomvi wa watu wawili, akampiga mmoja ngumi, naye akafa. Hakukusudia kuua. Asubuhi yake akawa anatembea mjini kwa hofu, akiangalia huku na huku. Kisha akaja mtu mbio kutoka mwisho wa mji, akampa habari kuwa wakuu wanashauriana wamuue, akamnasihi aondoke. Kwa siku chache tu akawa amepoteza nyumba, cheo, jamaa na nchi.

Jambo la kwanza: tawba na kuondoka

Kabla hajatoka Misri, Musa alikuwa ameshakiri mbele ya Mola wake kuwa ameidhulumu nafsi yake, akaomba msamaha, na aya ya 16 inatuambia kuwa Allah alimsamehe. Angalia mpangilio huo. Msamaha ulitangulia, huku mambo ya dunia yakiwa bado yameharibika. Kwa hiyo, aliyetubia kikweli asiichukulie kila shida inayofuata kuwa ni dalili ya kukataliwa. Musa alikuwa amesamehewa na bado alikuwa mkimbizi.

Pia, aliponasihiwa aondoke, aliondoka. Wapo wanaodhani subira ni kubaki mahali unapoumizwa. Subira ya Musa ilikuwa njiani, miguu ikitembea na moyo ukitaraji kuongozwa. Anayepigwa au kudhulumiwa nyumbani, na akapata njia ya halali ya kutoka, hakukosa subira akiifuata.

Jambo la pili: alitoa akiwa hana kitu

Alipofika kwenye maji ya Madyan alikuta kundi la watu wakinywesha wanyama wao, na pembeni wanawake wawili wakiwazuia wa kwao. Akawauliza wana jambo gani. Wakamweleza kuwa hawanyweshi mpaka wachungaji waondoke, na baba yao ni mzee sana.

Musa alikuwa na njaa na uchovu, wala hakuwa na pa kulala. Hata hivyo aliwanyweshea wanyama wao, hakuomba malipo, akarudi kivulini. Dhiki ya muda mrefu ina tabia ya kumfanya mtu ajione yeye tu: machungu yangu, haki yangu, bahati yangu. Tendo dogo la kheri kwa mwingine huifungua tena ile nafsi iliyojifunga. Kumfundisha mwenzako somo unaloliweza, au kumtembelea mgonjwa hosteli, hakungoji siku utakapokuwa umetulia.

Jambo la tatu: alimwomba Allah, kisha alimsimulia mtu

Pale kivulini aliomba dua fupi mno. Hakutaja chakula, kazi wala mke. Alimweleza Mola wake tu kuwa yeye ni mhitaji wa kheri yoyote atakayoteremshiwa. Jibu likaja kwa miguu ya mmoja wa wale wanawake, aliyetembea kwa haya, akamwambia kuwa baba yake anamwita ili amlipe.

Aya ya 25 ina jambo ambalo wanafunzi wengi tunalipita. Musa alipofika kwa yule mzee, alimsimulia kisa chake. Mzee akasikiliza, akamtuliza kuwa asihofu, kwani ameshaokoka na watu madhalimu. Nabii wa Allah, aliyekwisha kuomba dua, bado alihitaji sikio la mtu mzima mwenye hekima.

Basi ndugu yangu, kumweleza imamu, mlezi wa jumuiya, mshauri wa wanafunzi au daktari yale yaliyokupata si upungufu wa imani. Ikiwa usiku hulali, chakula hakipiti, au unajiwa na mawazo ya kujidhuru, usingoje: mwambie mtu leo. Lakini tazama pia kwamba Musa hakumsimulia kila aliyemkuta kisimani. Alimsimulia mtu mmoja aliyefaa kuaminiwa.

Jambo la nne: kazi ndogo, muda mrefu

Binti wa yule mzee alishauri Musa aajiriwe kwa sababu ni mwenye nguvu na mwaminifu. Mzee akapendekeza mapatano: amwozeshe mmoja wa binti zake, naye Musa afanye kazi miaka minane, na akitimiza kumi ni kwa hiari yake. Katika Sahih al-Bukhari imepokewa kuwa Ibn Abbas (r.a.) aliulizwa Musa alitimiza muda upi, akajibu kuwa ni ule mrefu zaidi.

Mtu wa kasri akachunga mifugo miaka kumi! Wengi wetu tunashindwa hapa. Tunataka mwanzo mpya uturudishe palepale tulipoangukia, na haraka. Tunaona haya kurudia mwaka, kubadili fani, au kuuza chapati jioni ili kulipa kodi ya chumba. Lakini Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa hakuna Nabii ila alichunga mifugo, naye mwenyewe aliwachungia watu wa Makka kwa ujira. Na katika Surat Taha, aya ya 40, Allah anamkumbusha Musa miaka aliyokaa Madyan, kisha anamweleza kuwa amefika kwa wakati uliokadiriwa. Ile miaka tunayoweza kudhani ilipotea ilikuwa ndani ya hesabu ya Allah.

Je, hofu iliisha?

Haikuisha yote. Alipoamrishwa arudi kwa Firauni, Musa alisema anahofia kuuawa kwa sababu ya yule mtu, akaomba ndugu yake Harun awe msaidizi wake. Firauni naye akamkumbusha lile tendo la zamani. Katika Surat ash-Shu'araa, aya ya 20 na 21, Musa hakukana wala hakubabaika. Alikiri kuwa alilifanya, akaeleza kuwa alikimbia kwa hofu, na kwamba Mola wake amempa hukumu na utume.

Huo ndio utulivu tunaoutafuta. Yaliyopita yanaweza kutajwa mbele yako, na yasikuangushe tena. Hofu inaweza kubaki, na bado ukaenda ulikotumwa.

Maswali ya kujadiliana katika halaqa

1. Kuna tofauti gani kati ya subira na kukubali kudhulumiwa?
2. Jumuiya yetu imfanyie nini mwanafunzi mpya aliyefika bila vyeti au bila jamaa?
3. Ni kazi gani ya halali unayoionea haya, na haya hiyo imetoka wapi?

Tunamwomba Allah awape faraja wenye dhiki miongoni mwetu, awakutanishe na watu wema kama alivyomkutanisha Musa na yule mzee wa Madyan, na aibariki miaka yetu yote, ya shida na ya raha. Aamin.