Kabla ya Masika: Fuata Njia ya Maji

Hebu jiulize: mvua kubwa ikinyesha usiku wa leo, maji yatakayoanguka juu ya paa lenu yataishia wapi?

Usicheke. Ndani ya jibu la swali hilo dogo kuna malaria, homa ya dengi na kipindupindu. Maji ya mvua huanguka yakiwa karibu safi. Yakishateremka kutoka bati hadi gata, gata hadi tanki, uwanja hadi mtaro, na mtaro hadi chooni, ndipo yanapogeuka kuwa baraka au balaa. Na mambo mengi yanayoamua ni yepi kati ya hayo mawili yapo nje ya nyumba, mahali unapopita kila siku bila kutazama.

Pwani na Dar es Salaam masika huwa Machi hadi Mei, na vuli Oktoba hadi Desemba. Dodoma, Singida au Tabora mnapata msimu mmoja tu, unaoanza Novemba au Desemba. Popote ulipo, kanuni ni moja: anza kazi mwezi mmoja kabla. Mvua ikishaanza, huwezi kuchimba mtaro uliojaa maji.

Kwani mvua zetu ni za kuogopa? Wazazi wako waulize habari za mvua za El Niño za 1997 na 1998. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu Dar es Salaam, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika hadi Mafia. Hatuwezi kuzuia mvua, lakini tunaweza kuiandalia njia.

Sasa basi, chukua daftari, toka nje, tufuate maji pamoja. Tuna vituo vinne.

KITUO CHA KWANZA: PAA NA GATA

Simama mbali kidogo utazame paa. Je, kuna bati lililoinuka pembeni? Msumari uliotoka au uliopoteza raba yake? Upepo mkali huanzia hapo: huingia chini ya bati lililolegea na kulinyanyua. Fundi akipiga misumari michache sasa, gharama ni ndogo kuliko kununua mabati mapya.

Baadhi ya watu huweka mawe au matairi juu ya paa ili bati lisipeperuke. Jiwe linaweza kumwangukia mtu. Tairi nalo hukusanya maji, na mbu hulipenda sana. Dawa ya bati lililolegea ni msumari.

Halafu tazama gata. Majani na vumbi vikijaa humo, maji humwagikia ukutani na kuchimba msingi, na yanayobaki ndani huwa kitalu cha mbu. Zisafishwe kabla ya mvua ya kwanza.

Tahadhari: kupanda paani si kazi ya kujionyesha ushujaa. Iachie fundi au mtu mzima mwenye ngazi imara, tena siku kavu. Kama waya wa umeme unagusa bati au umening'inia, mtu yeyote asipande wala kuugusa. Toeni taarifa TANESCO. Na kama paa lenu ni la zamani, la asbestosi, msilikwangue wala kulivunja, kwa kuwa vumbi lake likivutwa huharibu mapafu.

KITUO CHA PILI: TANKI, MAPIPA NA MADUMU

Hapa tufanye hesabu kidogo. Mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Paa lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6 lina mita za mraba 48. Mvua ya milimita 20 ikinyesha juu yake, utapata 48 × 20, yaani lita 960. Hizo ni ndoo 48 za lita 20! Hata kama baadhi yatapotea njiani, bado ni maji mengi ya kufulia na kuogea.

Lakini kuwa mwangalifu. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huosha vumbi na vinyesi vya ndege na popo. Geuza bomba la gata pembeni, mvua hiyo iende zake. Baada ya hapo ndipo uelekeze maji kwenye tanki lililosafishwa. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini kama maelekezo ya pakiti yanavyosema.

Je, wajua? Mbu anayeeneza dengi, yule mweusi mwenye madoa meupe, huuma zaidi mchana. Yeye huzaliana katika maji yaliyotulia ndani ya ndoo, pipa, kifuu au tairi. Mayai yake hushika ukutani mwa chombo na yanaweza kukaa makavu kwa miezi, yakingoja mvua. Ndiyo maana kumwaga maji peke yake hakutoshi. Sugua kuta za chombo kwa brashi mara moja kwa wiki, kisha ufunike kwa mfuniko au kitambaa kilichobana.

KITUO CHA TATU: UWANJA NA MTARO

Mwaga ndoo moja ya maji nyuma ya nyumba uone yanakokimbilia. Yakirudi ukutani, ardhi inahitaji kuinuliwa kidogo ili mteremko uelekee nje. Yakituama, jaza shimo hilo kwa udongo. Mbu wa malaria, ambaye huuma usiku, hutaga katika madimbwi kama hayo.

Kisha nenda kwenye mtaro. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini mwaka 2019, lakini chupa na karatasi za biskuti bado zinaziba mitaro kila mtaa. Mkizibua, msirundike tope ukingoni. Mvua ya kwanza italirudisha lote ndani. Libebeni mkalimwage mahali panapofaa. Vaeni viatu vigumu, maana ndani kuna vioo na sindano, na mkimaliza nawani kwa sabuni.

Angalia pia kwamba mtaro wenu unaungana na mtaro wa mtaa. Kuelekeza maji kwa jirani si kumaliza tatizo.

KITUO CHA NNE: CHOO

Hapa ndipo kwenye jambo zito. Tuzungumze wazi, bila kuoneana haya.

Sehemu nyingi za mijini kuna mchezo unaoitwa kutapisha choo. Shimo limejaa, gari la kunyonya maji taka ni ghali au haliwezi kupita uchochoroni. Basi mwenye choo anangoja mvua kubwa, usiku, anatoboa shimo au kufungua bomba, na kinyesi chote kinakwenda na maji. Asubuhi kumekauka, hakuna aliyeona. Eti mvua imesafisha!

Imesafisha wapi? Kinyesi hicho kimeshuka kwenye uwanja wanakocheza watoto, kwenye bustani ya mchicha, na kwenye kisima kisichofunikwa. Kinaingia hata bombani: maji ya bomba yakikatika, bomba lenye ufa huweza kunyonya uchafu ulio nje yake, na maji yakirudi uchafu huo hutiririka hadi kwenye ndoo ya mtu. Ndoo hiyo inaweza kuwa ya jirani, na inaweza kuwa ya aliyetapisha mwenyewe.

Kipindupindu husambaa kwa njia hiyo hiyo. Vijidudu vyake hutoka katika kinyesi na kuingia mdomoni kwa maji au chakula. Mgonjwa huharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, na anaweza kufa kwa saa chache kwa kuishiwa maji mwilini. Kutapisha choo ni kosa kisheria, na zaidi ya hapo ni kuhatarisha maisha ya mtu asiye na hatia.

Kwa hiyo kagueni choo mapema:

1. Mulika kwa tochi. Kama uchafu umefika nusu mita chini ya sakafu ya choo, kimejaa. Wakati wa kunyonya au kuchimba kingine ni sasa, ardhi ikiwa kavu.

2. Sakafu iwe juu kuliko uwanja, na udongo uinuliwe kuizunguka ili maji ya mvua yasiingie shimoni.

3. Nyufa zizibwe, na tundu liwe na mfuniko.

4. Kisima kiwe mbali na choo, angalau mita 30, tena upande wa juu wa mteremko.

Mtu yeyote asiingie ndani ya shimo la choo, hata kama ni kuokota simu. Hewa ya humo inaweza kuua kwa dakika chache.

"LAKINI SISI NI WAPANGAJI"

Hilo twalijua. Nyumba moja, familia sita, choo kimoja, na kila mtu anasema si kazi yake. Halafu wewe ni mwanafunzi, utamwambia nini mtu mzima?

Anza na nyumbani. Mwambie mama au baba kwa adabu, ukiwa na daftari lako: "Shikamoo mama. Shuleni tumejifunza kukagua choo kabla ya masika. Nimeona chetu kimebakiza nusu mita. Tunaweza kuwaambia wenzetu tuchange kabla ya mvua?" Umeleta kipimo, hukuleta lawama. Mzazi ndiye atakayezungumza na wapangaji wengine na mwenye nyumba. Gawanya gharama kwa idadi ya familia, utaona inavyopungua.

Ikishindikana, mzazi aende kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au afisa afya wa kata. Huko si kushitakiana. Kazi yao ni pamoja na hiyo.

MVUA IKISHAFIKA

Sikilizeni taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakati wa radi kaeni ndani, msijikinge chini ya mti. Msivuke maji yanayokwenda kasi, wala kugusa waya ulioanguka.

Mtu akianza kuharisha, mpe maji ya chumvi na sukari mara moja: lita 1 ya maji safi na salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Aendelee kunywa kidogo kidogo huku mkimpeleka kituo cha afya. Msingoje kupambazuke.

JIPIME

1. Paa la darasa lenu lina urefu na upana gani? Mvua ya milimita 10 itatoa lita ngapi?

2. Kwa nini kumwaga maji bila kusugua pipa hakumalizi mbu wa dengi?

3. Jirani anasema, "Nikitapisha choo usiku wa mvua, uchafu unakwenda baharini." Mjibu kwa sentensi tatu, ukieleza uchafu huo unapitia wapi kabla ya kufika huko.

4. Kazi ya kikundi: choreni ramani ya shule yenu, muonyeshe kwa mishale njia ya maji kutoka paani hadi mtaroni. Wekeni alama nyekundu panapotuama au panapopita karibu na vyoo. Mpelekeeni mwalimu wa afya ramani hiyo kabla ya mvua kuanza, na mchague alama moja nyekundu mtakayoifuta wenyewe Jumamosi hii.