Dhamana ya Gari Ikiisha: Haki ya Mwenye Gari na Haki ya Fundi

Katika darasa zetu huulizwa mara nyingi masala haya: mtu amenunua gari jipya, akapewa dhamana ya miaka 3, mathalani, au kilomita 100,000, litakalotangulia. Muda ukesha kwisha, gia zikaharibika, naye akaambiwa gharama zote ni juu yake. Je, ana haki ya kuteta?

Jawabu yetu ni kwamba yapasa kupambanua mambo matatu.

La kwanza ni sharti. Dhamana ni ahadi yenye mpaka, na Sura ya Al-Maida imefunguliwa kwa amri ya kutimiza ahadi. Kilichochakaa kwa kutumika baada ya muda ni juu ya mwenye gari. Kumlazimisha muuzaji atengeneze bure, kwa kelele na kumfedhehi mbele za watu, ni kula mali kwa batili.

La pili ni aibu ya kale, yaani ila iliyokuwamo garini tangu siku ya kuuzwa, ikafichikana. Haki ya mnunuzi hapa yatokana na mauzo yenyewe, si na karatasi ya dhamana. Basi haifi kwa kupita tarehe. Lakini katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, mnunuzi apaswa kudai upesi aionapo aibu. Na wakihitilafiana kama ni ya kale au ni mpya, na yote mawili yamkinika, wala hapana ushahidi, husadikiwa muuzaji kwa kiapo chake. Aliyesikia gia zikilia ndani ya muda wa dhamana akanyamaza, amejidhulumu mwenyewe. Angalipeleka barua siku ile na kuweka nakala, leo angalikuwa na hoja.

La tatu ni ujira. Wengi wetu humwambia fundi, "Tengeneza, tutaelewana." Huo ndio mlango wa fitina. Ujira usiojulikana huharibu mapatano, na hapo fundi hustahiki ujira wa mfano tu, yaani walipwao mafundi wenziwe kwa kazi kama ile. Akizidisha kazi asiyoamrishwa, hana la kudai. Na mwenye gari aliyeridhia bei, kisha akamzungusha fundi kwa "njoo kesho", naye ni dhalimu.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 ya kuwalinda wanunuzi nayo yamtaka fundi atoe makisio ya gharama kabla ya kazi. Na dai lisilozidi shilingi 1,000,000 laweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo. Lakini sulhu ni bora: kila mmoja achukue sehemu ya gharama, na udugu ubaki.

Ndugu zetu, wako miongoni mwetu watundikao hirizi kwenye kioo cha gari, wala hawajaisoma karatasi ya dhamana. Aya ya 282 ya Al-Baqara imetuamrisha kuandika deni la muda maalumu. Basi na tuandike mapatano yetu, tusome tunachotia saini, na tudai kilicho chetu tu.